Msimbo si Hukumu: Tunavyoisoma Vibaya Kompyuta ya Gari

Ukienda zahanati na homa, ukapewa dawa ya malaria bila kupimwa, utasemaje? Zamani ilikuwa kawaida tu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kwa sababu homa ina vyanzo vingi. Hilo sasa tumelizoea. Ajabu ni kwamba tukifika gereji tunarudi kulekule tulikotoka.

Shemeji yangu ni mwalimu Morogoro, ana gari dogo la turbo. Siku moja taa ya injini ikawaka, na gari likawa linakata pumzi likipanda Kitonga. Gereji wakachomeka skana, ikaleta P0299. "Turbo imekufa." Akanunua ya mtumba. Wiki mbili baadaye taa ikarudi. Akaambiwa ile aliyouziwa ilikuwa imechoka, akanunua nyingine. Taa ikarudi tena, safari hii na P0700 juu yake, na gia zikawa zinaingia kwa kishindo. Hukumu mpya: giaboksi. Aliponipigia simu alikuwa ameshachukua fomu ya mkopo wa SACCOS.

Sasa twende taratibu. P0299 inasema nini hasa? Kompyuta ya injini ina presha ya hewa inayoitarajia, na ina presha iliyopimwa na sensa. Iliyopimwa ikiwa ndogo kuliko inayotarajiwa kwa muda fulani, msimbo unaandikwa. Basi. Haijasema ni turbo. Inawezekana mpira wa intakula umepasuka, mlango wa kupunguzia presha umenasa ukiwa wazi, ekzosi imeziba, kichujio cha hewa kimejaa vumbi, sensa yenyewe inadanganya, au kweli turbo imekufa. Sababu sita, msimbo mmoja. Mafundi wengi huita msimbo "kodi", na kusema kweli tunaulipia kama kodi.

P0700 nayo inasomwa vibaya zaidi. Ni kama mtu anayebisha hodi: kompyuta ya gia inaiambia ya injini kwamba kuna jambo huku, njoo uone. Jambo lenyewe limeandikwa ndani, na skana nyingi za bei rahisi hazifiki huko. Kushusha giaboksi kwa sababu ya P0700 pekee ni kumzika mgonjwa kwa sababu kapiga simu hospitali.

Lawama yangu kubwa naielekeza kwenye zile video fupi tunazotumiana kwenye simu: msimbo huu, badilisha kifaa hiki. Ni rahisi kukumbuka, na wakati mwingine zinapatia. Hapo ndipo hatari ilipo. Ukipatia mara moja unadhani umeelewa. Video hizo hazikufundishi swali ambalo sayansi yote inasimama juu yake: kama nimekosea, nitajuaje?

Skana ileile ingeweza kujibu. Washa swichi bila kuwasha injini, usome sensa ya presha ya hewa. Inapaswa kuonyesha presha ya mahali ulipo: Dar kama kilopaskali 101, Morogoro mjini kama 95, Mbeya kama 83. Ikisoma tofauti kabisa, anza kuishuku sensa. Ikisoma sawa, tafuta uvujaji: presha ndogo iliyodhibitiwa kwenye njia ya hewa, maji ya sabuni kwenye maungio, halafu angalia mapovu. Turbo inafuata baadaye.

Na hata turbo ikiwa imekufa kweli, bado hujamaliza. Uliza imeuawa na nani. Mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili isipofika, hata turbo mpya haidumu. Baadhi ya Subaru za turbo zenye injini ya EJ25 zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya boliti ya bomba la oili ya turbo. Kikiziba, utanunua turbo kila mara na muuaji umemwacha palepale.

Kwa shemeji, mapovu yalitoka kwenye mpira wa intakula, chini ya klipu. Ufa ulikuwa unafunguka presha ikipanda tu, ndiyo maana hakuna aliyeuona kwa macho. Giaboksi ilisomwa kwa skana inayofika ndani: kasoro ilikuwa kwenye waya wa solenoidi moja, plagi imeshika kutu. Mpira ukabadilishwa, plagi ikasafishwa. Fomu ya mkopo hakuirudisha. Turbo moja ya mtumba ipo stoo, na ile ya kwanza kabisa, iliyokuja na gari, hajui iliishia wapi.

Lakini tusiwaonee mafundi. Mwambie mteja alipie saa mbili za kutafuta tatizo, uone atakavyokutazama. Tuko tayari kulipa laki kadhaa kwa chuma tunachoweza kukishika, ila elfu thelathini ya kufikiri tunaona ni wizi. Fundi anaishi kwa kile tunachokubali kulipia, kwa hiyo anatuuzia spea. Yule aliyekutwa na sabuni na ndoo alifanya kazi ya kisayansi kuliko wengi wetu wenye vyeti, na shemeji alitaka kumpunguzia bei kwa sababu "hajafunga kitu".

Safari ijayo ukiambiwa kifaa fulani kimekufa, uliza maswali mawili: umepimaje, na ni kipimo gani kingeonyesha kwamba si hicho? Akiwa na jibu, mlipe kwa hilo jibu pia.