Kosa la 1980 Liko Kwenye Besi

Rudieni ufunguzi wa The Leisure Hive, kile kisa cha Agosti 1980 cha Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya BBC, mzisikilize zile sekunde za mwanzo tu. Besi imenyooka kama rula. Hapo ndipo John Nathan-Turner, mtayarishaji mpya wa tamthilia hiyo, alipoharibu kwa kuuweka kando mkanda wa muziki wa utambulisho uliotengenezwa na Delia Derbyshire, na sioni cha kumtetea.

Besi ya 1963 haikupigwa na mwanamuziki yeyote. Pale Radiophonic Workshop ya BBC, Delia, akisaidiwa na Dick Mills, alirekodi uzi mmoja ukidonolewa, akaunakili kwa kasi tofauti mpaka kila noti ikapatikana, kisha akakata mkanda kwa wembe na kuunga noti moja moja. Mashine ya kurekodi njia nyingi hawakuwa nayo; mikanda iliwashwa kwa mkono, yote kwa pamoja. Ilipopishana, waliitandaza kwenye korido na kuikagua kiungo kwa kiungo mpaka noti korofi ikaonekana. Ndiyo maana besi ile inachechemea kidogo, na kuchechemea huko ndiko kunakomfanya mtoto ajifiche nyuma ya kochi. Ukiipiga kwa vidole, imekwisha.

Mwaka 1980 Peter Howell wa Workshop hiyo hiyo alikabidhiwa kazi ya kuurekodi upya muziki huo, akaifanya vizuri kwa sintesaiza za Yamaha CS-80 na ARP Odyssey. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na wakubwa wanaodhani chombo kipya ni lazima kifukuze cha zamani. Wasomaji wa safu hii wamenichoka kwa kilio changu cha kinanda kilichofukuza fidla kwenye taarabu, nami sijamaliza.

Tena onyo lilikuwepo. Mwaka 1972 Workshop yenyewe ilijaribu kuurudia muziki huo kwa sintesaiza ya Synthi 100, lile dude walilolibatiza Delaware. Ukatoka umesinyaa, wakarudisha mkanda wa Delia bila kuona haya, ingawa vipindi vichache vilivyouzwa Australia vilikwenda na ule mbovu. Wale walikuwa na masikio.

Na msiniambie mkanda ule uliwekwa kando kwa kuwa ulikuwa umechakaa. Wakubwa wa BBC waliidharau kazi ya Delia tangu mwanzo: mtunzi wa muziki huo, Ron Grainer, alitaka Delia agawiwe nusu ya mirabaha, BBC ikakataa kwa kuwa alikuwa mwajiriwa wake. Jina la Delia lilikuja kuonekana kwenye orodha ya mwisho ya Doctor Who mwaka 2013, miaka 12 baada ya kufa kwake.