Oili Inatoka Wapi?

Anayetaka kujua kama fundi ameiva, ampe gari kuukuu linalovuja oili. Pijo 404 inatosha. Ndilo gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1963, likashinda tena 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell, kisha likaongeza ushindi mwingine mwaka 1968. Gari la namna hiyo likilazwa miaka mingi uani, iwe Mbeya au Iringa, sili hukauka na gasketi husinyaa, na siku linapowashwa oili hudondoka chini. Fundi mwenye pupa hutazama pale penye tone, akalaumu sili ya nyuma ya kranki, akashusha gia boksi. Mimi naona ustadi wenyewe uko kabla ya hapo, katika kutafuta chanzo, na ndio ustadi tunaouthamini kidogo kuliko wote.

Oili hushuka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo palipolowa zaidi mara nyingi sipo inapotokea. Kwa 404 mtego ni mkubwa zaidi. Injini yake imelazwa kwa nyuzi 45; gasketi ya kava ya tapeti ikichoka upande ulioinama, oili huteremka ubavuni mwa bloku, hufuata ukingo wa sampu, na huweza kudondokea nyuma kabisa kana kwamba sili ya kranki imekufa. Fundi anayejua kazi hawashi kwanza. Humwaga oili na kuitazama: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na katika injini hii yenye laina zinazoguswa na maji, huenda zimevuja sili za chini ya laina au gasketi ya silinda hedi. Ikiwa safi, huosha injini kwa dizeli kwa nje, huikausha, hujaza oili tena, hupaka poda kwenye maungio, huiacha iungurume kidogo, kisha humulika tochi kutoka juu kwenda chini. Oili huchora njia yake yenyewe kwenye ile poda nyeupe. Hakosi pia kuchungua bomba la kupumulia injini, kwa maana nyigu hupenda kujenga humo. Likiziba, mgandamizo wa ndani husukuma oili hata kwenye sili nzima, na sili mpya haitaponya kitu. Asubuhi za Juni Mbeya, oili ikiwa nzito kwa baridi, presha yake hupanda, basi ukaguzi ufanyike injini ikiwa baridi, kisha urudiwe ikiwa imepata moto baada ya kupanda mlima, mathalani kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini.

Wapo wasemao gari la zamani lazima livuje, ongeza oili uende. Oili ikifika kwenye klachi, klachi huteleza; ikidondokea ekzosi iliyo moto, ni hatari ya moto. Wengine hupaka silikoni kila mahali, lakini inayozidi hubanwa ndani, humeguka, na kuziba chujio la pampu ya oili. Hoja ya spea ni nzito zaidi, kwa kuwa kiwandani Ufaransa 404 ya saluni ilikoma mwaka 1975. Hata hivyo, sili hununuliwa kwa kipenyo cha ndani, cha nje na unene, si kwa jina la gari. Gasketi ya kava hukatwa kwa karatasi ya gasketi au koki. Na bolti hukerezwa. Bodi iliyoliwa na kutu hadi kwenye sakafu ni jambo jingine. Hiyo iachwe, itolewe vifaa vya kuponya nyingine, na kusema hivyo mapema nako ni ufundi.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la fedha: mteja hulipia kitu kilichobadilishwa, halipii saa mbili za fundi kulala chini na tochi. Kwa malipo ya namna hiyo, hata kijana aliyefundishwa vizuri katika chuo cha ufundi cha VETA atajifunza haraka kubadilisha sili nzima ili apate ujira. Basi mwenye 404 akubaliane mapema na fundi malipo ya uchunguzi peke yake, hata kama mwisho wake kilichohitajika ni kuondoa kiota cha nyigu.