Maungio ya Kioo Kigongo

Kazi huanza mbali na mahali penyewe palipokatika. Fundi huchomeka ncha ya uzi mmoja kwenye mashine ya kupimia, ile ambayo wenyewe huiita OTDR, na mashine hurusha ndani ya uzi mapigo mafupi ya leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550. Jicho haliuoni mwanga huo. Kila unapopita, sehemu yake ndogo sana hurudi nyuma, na mashine huhesabu muda. Ndani ya kioo mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi kilomita moja ni mikrosekunde 10. Kwenye skrini mstari unateremka taratibu, ghafla unaruka juu, halafu unaporomoka. Hapo ndipo kebo ilipokatika.

Ila mita za mashine ni mita za uzi, si za barabara. Kebo huachiwa akiba iliyokunjwa duara kwenye kila chemba, na nyuzi zenyewe zimesokotwa ndani ya ganda, hivyo uzi ni mrefu kuliko kebo na kebo ni ndefu kuliko njia. Dada niliyemtazama akiifanya kazi hii, kwenye barabara ya kutoka Usagara kwenda Kigongo, aliyapunguza hayo yote kwa hesabu ya kichwani, akatembea kando ya lami, akasimama. "Chimbeni hapa." Jembe halikwenda mbali. Mtaro mpya wa maji ulikuwa umepita juu ya kebo, na ncha zake mbili zilikuwa kwenye tope.

Kigongo ni ukingo wa Ghuba ya Mwanza, upande wa Misungwi. Malori yalikuwa yakipanga foleni hapa kusubiri kivuko cha Busisi, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, tarehe 19 Juni 2025. Foleni imekwisha, lakini upepo wa ziwani ungalipo, na upepo ndio adui wa kazi hii. Dada na wenzake walisimamisha hema dogo, wakafunga pande tatu, wakatandika turubai safi. Baada ya hapo ndipo kisanduku cha vifaa kilipofunguliwa.

Ganda jeusi linakatwa kwa kuzungushwa kisu, bila kugandamiza. Chini yake kuna nyuzi za njano za aramidi, zinazobeba uzito kebo inapovutwa. Hizo hukatwa kwa mkasi wake maalumu. Kisha mirija miwili ya plastiki, na ndani ya kila mrija nyuzi 12 zilizolowa grisi ya kuzuia maji. Alizifuta kwa spiriti, moja moja, akazipanga kwa rangi: buluu, chungwa, kijani, kahawia, na kuendelea hadi mwisho. Mpangilio huo wa rangi hutumika katika nchi nyingi, kwa hiyo fundi wa Kigongo na fundi wa Mombasa wanausoma sawasawa. Ukikosea rangi mbili, mteja wa benki anapata mawasiliano ya hospitali.

Kabla ya kugusa kioo, alivisha kila uzi kimrija chake cha kukingia. Anayesahau hatua hii hulazimika kukata na kuanza upya, kwa sababu kimrija hakiingii tena maungio yakishashikana.

Sasa kumenya. Koleo lenye tundu dogo linavutwa kwenye uzi, rangi inabaki ndani ya koleo, na kinachotoka ni kioo kitupu chenye unene wa mikromita 125. Ukilaza nyuzi 8 za namna hiyo sambamba, ndiyo kwanza zinajaza milimita moja. Mwanga wenyewe hupita katika kiini cha mikromita 9 hivi, katikati. Alikifuta kioo kwa karatasi laini yenye spiriti, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kikalia, mlio mwembamba wa kioo kisicho na mafuta. Anauamini mlio huo kuliko macho yake.

Kukata ndiko kunakonistaajabisha zaidi. Uzi haukatwi kwa kupasuliwa. Kisu cha almasi kinaukwaruza kidogo, kisha unavutwa na kuachia wenyewe, kama fundi wa madirisha anavyokwaruza kioo na kukivunja kwenye mstari. Sura ya ncha inatakiwa iwe bapa, isiinamie hata digrii moja. Kipande kilichobaki alikishika kwa kibano na kukitia kwenye kichupa chenye kifuniko. Kipande kama hicho kikiingia kidoleni, hakionekani na hakitoki kirahisi.

Ncha mbili zikalazwa kwenye mashine ya kuunganishia, kifuniko kikashushwa. Skrini ikazionyesha kutoka pande mbili, zimekuzwa mara mamia. Mota zikazisogeza mpaka viini vikatazamana. Cheche fupi ikachoma vumbi lililobaki, kisha cheche kuu ikaruka kati ya elektrodi mbili, kioo kikalainika, ncha zikasukumwa zikawa kitu kimoja. Sekunde chache tu. Mashine ikaandika makadirio ya upotevu: desibeli 0.07.

"Dada, imekubali," kijana wake akasema.

"Mashine imekubali. Kata, turudie."

Walirudia. 0.04. Wakarudia tena. 0.01. Kila marudio hula sentimita kadhaa za uzi, na akiba si ya milele, kwa hiyo uamuzi wa kurudia una gharama yake. Alilipa bila kusita.

Ukali huo nauelewa kwa kutazama tulikotoka. Mwaka 1966, huko Uingereza, Charles Kao na George Hockham walisema kioo kinaweza kubeba mawasiliano iwapo upotevu utashuka hadi desibeli 20 kwa kilomita, yaani asilimia moja tu ya mwanga ifike mwisho wa kilomita hiyo. Mwaka 1970 watafiti wa Corning, Marekani, walifika 17. Leo kebo ya kawaida hupoteza 0.2 hivi, na mwanga hupungua nusu baada ya kilomita 15. Mwaka 2025 watafiti wa Southampton walitangaza uzi wenye tundu katikati, mwanga ukipita hewani badala ya kwenye kioo, unaopoteza 0.091. Na uzi huo ni mgumu zaidi kuungwa: cheche ikizidi joto, vimirija vyake vya ndani vinajifunga.

Halafu kuna fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazobeba hali za kikwanta. Desemba 2024, timu ya Prem Kumar wa Chuo Kikuu cha Northwestern ilieleza jinsi ilivyohamisha hali ya kikwanta kupitia uzi wa kilomita 30 uliokuwa umebeba intaneti ya kawaida wakati huohuo. Mwanga wa intaneti ukififia njiani, kikuzaji huupa nguvu upya, na maungio mabaya husamehewa. Hali ya kikwanta hainakiliki, hivyo haina kikuzaji cha namna hiyo. Fotoni iliyopotea kwenye maungio imepotea. Kwa mitandao ijayo, desibeli 0.06 ambazo dada huyu alikataa kuziacha zina thamani kubwa kuliko zilivyo nazo leo.

Huko Kigongo, vimirija vya kukingia vikapashwa joto, vikanywea. Nyuzi zote 24 zikalazwa kwenye trei kwa mikunjo mipana, kwani mwanga wa nanomita 1550 huvuja kwenye kona kali. Alimwonyesha kijana kwa leza nyekundu: alipoukunja uzi kwa makusudi, kona ikawaka.

Kipimo cha mwisho hufanywa kutoka pande zote mbili. Nyuzi mbili zisizolingana kidogo humdanganya mpimaji, upande mmoja maungio yaonekane mabaya, upande mwingine yaonekane kama yanaongeza mwanga. Alimpigia mwenzake aliyekuwa mwisho mwingine wa kebo. Uzi wa buluu: upande huu 0.12, upande ule hasi 0.06, wastani 0.03. Akaandika daftarini. Uzi wa zambarau wastani wake ukatoka 0.09. Boksi la maungio lilikuwa limeshafungwa kwa boliti sita. Akachukua spana, akalifungua.