Mkwaju, Ngoma na Waya

Mgololo, katika wilaya ya Mufindi, ni nchi ya baridi na misindano. Magogo huingia katika kiwanda cha karatasi, na karatasi hutoka kwa malori yanayoitafuta Mafinga na barabara kuu. Ni mahali pa vibarua walio mbali na kwao na madereva wanaolala njiani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 uliwakuta na virusi vya UKIMWI asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa wa Njombe na asilimia 11.1 ya wale wa Iringa, ambamo Mgololo imo. Unguja na Pemba kiwango hakifiki asilimia 1. Mtu wa visiwani angeweza kusema kwamba hayo ni ya wenyewe wa bara. Lakini lugha iliyotumika kuufahamisha ugonjwa huo ni yake pia, na lugha ndiyo inayohojiwa hapa.

Watu wengi hawakuujua UKIMWI kwa vitabu vya tiba. Waliujua kwa redio. Julai 1993, Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, na ndani yake akasikika Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mke nyumbani na wapenzi kila kituo. Jina lake lilichaguliwa vyema, kwani ukwaju huonjwa kwa hamu kabla ya uchachu wake kuuma meno. Kwa muda wa miaka 2 mchezo huo haukurushwa na kituo cha Dodoma, ili watafiti wapate kuwalinganisha waliosikia na wasiosikia. Walikuta kwamba waliosikia walipunguza wapenzi na kuongeza matumizi ya kondomu. Ni nadra kazi ya sanaa kupimwa namna hiyo, na nadra zaidi kufaulu.

Siri ya kufaulu kwake haikuwa katika mawaidha, maana mawaidha yalikuwapo kila mahali. Ilikuwa katika fani. Virusi hivi, visipotibiwa, huweza kukaa mwilini miaka 8 au 10 bila dalili. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kuliamini: kwamba mtu mzima wa afya, anayecheka na kupakia mzigo, tayari anao. Mchezo wa redio unaokwenda wiki baada ya wiki una subira inayofanana na ya ugonjwa wenyewe. Msikilizaji alizeeka kidogo pamoja na Mkwaju kabla ya kumwona akidhoofu na kufa.

Wimbo hauna muda huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bongo Fleva ililichukua somo lile lile kwa ari ya kusifika. Mwana FA na Lady Jaydee waliimba Alikufa kwa Ngoma. Mwaka 2004 Ferooz na Professor Jay wakatoa Starehe, kisa cha kijana aliyeponda raha na kuishia kujuta. Ni nyimbo nzuri, na vijana waliokimbia mihadhara walizikariri. Lakini wimbo wa dakika chache hauna budi umfikishe mtu wake mwisho kabla ya ala kunyamaza. Anayependa starehe katika ubeti wa kwanza lazima awe taabani katika ubeti wa mwisho. Mitaani nako watu waliuita ugonjwa “ngoma”, na aliyeupata wakasema “amekanyaga waya”. Istiara hiyo ya waya ni kali na ya kukumbukika, nayo inadanganya. Waya wa umeme huweza kuua papo hapo. Virusi havifanyi hivyo. Aliyenaswa na umeme huweza kufa kabla ya kupata tiba. Mwenye virusi ana muda wa kutibiwa.

Hapa ndipo penye dhara. Mwaka ule ule wa 2004 Starehe ilipovuma, Tanzania ilianza mpango wa kitaifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi. Leo mwenye kuzimeza kila siku, virusi vikapungua hadi visionekane kwa kipimo, huishi miaka mingi na hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Sayansi ilisonga, istiara ikabaki ilipo. Kibarua wa Mgololo anayeamini kwamba amekanyaga waya ataona kupima ni kwenda kusomewa hukumu, na hukumu hakuna aifuataye kwa miguu yake.

Tena kuna kosa ambalo mchezo na nyimbo zinalishiriki: mgonjwa wao daima ndiye mkosefu. Ugonjwa ukawa adhabu, na mke aliyetulia kwake, au mtoto aliyezaliwa nao, akakosa kisa cha kumsimulia. Fani ya onyo inamhitaji mtu afe ili wengine wajifunze. Kidonge cha kila usiku hakina onyo wala kilio, hivyo hakikupata mshairi.

Hata hivyo, ushairi wa Kiswahili una mfano wake, nao ni wa mwambao. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi mrefu wa nasaha. Hakujifanya mfano wa kuogofya. Alisema kama mama mwenye la kufundisha, na ugonjwa ulikuwa pale alipokaa tu, haukuwa hukumu yake. Utenzi una pumzi ya kwenda polepole, ubeti kwa ubeti, kama dawa inavyokwenda siku kwa siku. Fani ipo tangu zamani. Anayekosekana ni mgonjwa wa leo ndani yake, anayesema mwenyewe, akiwa hai.