Chukua na Mizigo Yake

Jina la Tabora halitengani na mizigo. Kabla reli haijafika mjini mwaka 1912, pembe za ndovu zilishuka Bagamoyo, na nguo na shanga zilipanda bara, juu ya mabega ya wachukuzi, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa yapata kilo 30. Kuchukua, basi, ilikuwa kazi ya bega. Kupata kitu kiwe chako kulikuwa na neno lake: kutwaa.

Kutokana na bega hilo lugha yetu ilizaa maana nyingi. Mwanamke huchukua mimba, mwana mwema huwachukua wazazi wake uzeeni, ndugu huchukuana, mvumilivu humchukulia mwenzake. Katika zote hizo mna kustahimili uzito wa mwingine.

Siku hizi neno hili limetwishwa mzigo wa ugenini. Waingereza wanalo neno "take", ambalo kwao hufanya kazi mia, nasi kila tulionapo twaandika chukua. Mwanafunzi "anachukua mtihani", abiria "anachukua basi", mgeni "anachukua chai". Katika kumbukumbu za vikao, nilizozisoma miaka mingi katika utumishi wangu, mkutano "ulichukua nafasi". Nafasi ya nani? Mtihani hufanywa, basi hupandwa, chai hunywewa, na mkutano hufanyika.

Sisemi lugha ifungiwe mlango. "Kuchukua hatua" kumekwisha kupata uraia, wala hakuna haja ya kukufukuza. Lakini kila kitenzi tunachokiacha ni mtumishi aliyeachishwa kazi bila kosa, na chukua yenyewe, kwa kubebeshwa kila kitu, inasahau kubeba.

Hasara yake si ndogo. Mwaka 1873 Chuma, Susi na wenzao waliuchukua mwili wa Livingstone kutoka kwa Chitambo, wakapita Unyanyembe, hata mwaka 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Kijana ambaye kwake chukua ni "take" tu, atasoma habari hiyo na kuona watu waliotwaa kitu. Bega hataliona, wala njia, wala jasho.

Kwa hiyo nawaomba walimu jambo moja jepesi. Mwanafunzi akiandika chukua, mwulizeni: hapa kuna mzigo? Ikiwa haupo, na atafute kitenzi kinachostahili. Aghalabu atakikuta kwa bibi yake, kingali kizima.