Kanuni za mchezo nazo ni usimulizi

Likizo iliyopita mpwa wangu alikuja nyumbani na wenzake watatu, wakaikalia veranda yangu tangu saa nne asubuhi hadi jua likatua. Mimi nilikuwa ndani nikisahihisha insha. Sikuwa na nia ya kuwasikiliza, ila sentensi moja ilinifanya niweke kalamu chini. "Wewe ulikosea mwanzoni kabisa," mmoja alimwambia mwenzake. "Ulimpa nguvu nyingi. Mimi nilimpa hekima kumi na nane."

Hekima kumi na nane! Miaka yote niliyofundisha sarufi sijawahi kuisikia nomino hiyo dhahania ikihesabiwa kama maembe. Nikatoka kuuliza.

"Ni gemu, mjomba," mpwa wangu akajibu, kwa ile sauti ya mtu anayetarajia kukaripiwa. Walikuwa wakibishana kuhusu Planescape: Torment, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa Marekani na Black Isle Studios na kutolewa Desemba 1999, kabla hata mmoja wao hajazaliwa.

Niliona haya kidogo, na sababu ninayo. Miaka miwili hivi iliyopita niliketi katika jopo lililosikiliza pendekezo la mwanafunzi wa uzamili aliyetaka kuhakiki usimulizi katika michezo ya aina hii, ambamo mchezaji huvaa uhusika na kuingia katika ulimwengu wa ajabu. Tulimkatalia kwa dakika kumi. Mimi ndiye niliyesema kwamba mchezo hauna msimulizi, una vitufe tu. Wenzangu walicheka, na mwanafunzi akakunja karatasi zake.

Basi nikamwomba mpwa wangu aniwekee mchezo huo, katika toleo lililofanyiwa ukarabati mwaka 2017, nami nikaucheza usiku kwa majuma kadhaa.

Jambo la kwanza linalomgonga mtu ni wingi wa maneno. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni maneno laki nane hivi, yaani riwaya kadhaa nene zilizobanwa pamoja. Mhusika mkuu hana jina. Anazindukia juu ya meza katika nyumba ya maiti, mwili umejaa makovu, mgongoni amechanjwa maagizo aliyojiandikia mwenyewe kabla ya kusahau kila kitu. Anayempokea ni fuvu la kichwa lielealo hewani, lenye mdomo mchafu na mzaha usioisha. Sisi tunaofundisha Nagona ya Kezilahabi na Bina-Adamu! ya Wamitila hatuna haki ya kulishangaa fuvu linaloongea.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, mchezaji anapewa sifa sita, nguvu na hekima zikiwemo. Kila moja inaanza na alama 9, naye ana alama 21 za kugawa apendavyo. Hapo ndipo penye ule ubishi wa verandani. Mwenye hekima nyingi anakumbuka maisha yake ya awali, na mwenye akili nyingi anapata majibu ambayo wengine hawaonyeshwi hata kidogo. Anayelimbikiza nguvu anapigana vizuri, lakini sehemu kubwa ya matini inafungwa asiione. Hebu fikiria riwaya inayojificha kurasa zake kutegemea uliamua kuwa mtu wa namna gani kabla ya kuifungua.

Kanuni zenyewe zimetoka mbali. Msingi wake ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliochapishwa mwaka 1974. Zina ukaidi unaonikumbusha ngeli zetu. Kinga ya mtu, kwa mfano, inahesabiwa kinyumenyume: 10 ni ya asiyevaa chochote cha kumkinga, na kadiri tarakimu inavyoshuka kupita sufuri ndivyo inavyokuwa vigumu kumpiga. Toleo la mwaka 2000 la mchezo wa mezani liliugeuza utaratibu huo, na wapo wapenzi wake ambao hawajausamehe mpaka leo. Wale vijana wanne walilijadili hilo kwa karibu saa nzima. Sikuwacheka. Nimewahi kuona wasomi wenye shahada za uzamifu wakigombana kwa muda mrefu zaidi juu ya ngeli ya U.

Sasa nije kwenye kilichonibadilisha. Anayekusudia kuucheza mchezo huu aruke aya mbili zinazofuata.

Katika michezo mingi ya kompyuta kifo si kitu. Ukiuawa unarudi pale ulipohifadhi, unaendelea kana kwamba hapakutokea lolote. Torment inaichukua desturi hiyo ya mchezaji na kuifanya kuwa kisa. Asiye na Jina hafi. Akiuawa anazinduka, mara nyingi kwenye meza ileile ya maiti. Kwa saa nyingi nilikiona kipaji hicho kuwa nafuu tu. Nilimwacha auawe mara kadhaa kwa uvivu wa kutotaka kukimbia.

Karibu na mwisho ndipo unapoambiwa kwamba kila alipokufa, mtu mwingine mahali fulani alikufa badala yake, na kwamba vile vivuli vilivyokuwa vikimwandama njiani ni hao waliolipa deni lake. Nilikaa kimya mbele ya kioo. Msomaji wa riwaya angemhurumia mhusika au angemlaumu. Mimi sikuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa vidole vilivyobonyeza vilikuwa vyangu. Kanuni niliyoidhania ya kunirahisishia kazi ndiyo iliyokuwa ikisimulia hadithi tangu mwanzo, nami sikuisikia kwa sababu nilikuwa nikitafuta msimulizi katika maneno peke yake.

Sisemi kwamba kazi hii haina dosari. Mapigano yake ni butu. Theluthi ya mwisho inakwenda mbio kana kwamba watunzi waliitwa kula, na baadhi ya maelezo yanarefushwa pasipo haja. Zaidi ya hayo, mizani imeelemea upande mmoja: mchezo unajidai kumpa mtu uhuru wa kuwa atakavyo, kisha unamwadhibu anayechagua misuli. Huo ni upendeleo wa waandishi kwa watu wanaofanana nao. Kama ningekuwa mhariri wao ningewaambia hivyo.

Lugha nayo inastahili makala yake. Wakazi wa Sigil, mji wa mchezo huo, wanatumia misimu ambayo wabunifu wa ulimwengu wa Planescape waliichota kutoka lugha za zamani za mitaani za Uingereza, za wezi na walalahoi. Mtu ni "cutter", mjinga ni "berk", na aliyekufa ameandikwa katika kitabu cha wafu. Mwanzoni nilitatizika, kama anavyotatizika mzazi wa shambani siku ya kwanza akiwasikia watoto wa Eastlands wakipiga Sheng. Baada ya siku tatu nilikuwa nikielewa bila tafsiri. Nilianza pia kumtambua anayejifanya mwenyeji na asiye mwenyeji. Kutofautisha wahusika kwa rejista namna hii ni jambo tunalowadai watahiniwa wetu waligundue katika tamthilia, tena kwa alama ishirini.

Yule kijana wa hekima kumi na nane aliniambia kwamba ukiwa na hekima na akili za kutosha unaweza kumaliza mchezo bila kupigana pambano la mwisho, kwa mazungumzo tu. Mimi sikuweza. Mhusika wangu nilimpa nguvu.

Wiki jana nilimtafuta yule mwanafunzi wa uzamili kwa simu. Nilimwambia nilikosea, na kwamba niko tayari kulitetea pendekezo lake upya mbele ya jopo. Alinishukuru kwa adabu. "Lakini Mwalimu," akasema, "nimeshaandika sura tatu juu ya ile mada mliyonipa nyinyi."