Mugeni wetu anakula nini?

Mugeni akishuka Butembo ao Beni na kuuliza mahali pa kula, wengi wetu tunamupeleka ku hoteli: kuku, viazi vya kukaanga, bia ya baridi. Ni kitamu, lakini hakimwambii kama amefika kwa Wanande. Sisi tunasema: umupeleke kwanza ku vibanda vya wamama mu soko. Pale atapewa obundu wa moto wa unga wa muhogo, sombe, maharagi, na samaki wa Kyavinyonge, kutoka ziwa Edouard. Kasoro ziko: viti havitoshi, maji ya kunawa yanachelewa. Hizo turekebishe. Lakini kama kila mugeni akikuja tunaficha obundu, watoto wetu njo watakuwa wa kwanza kuuonea haya.